Ubao, Mkutano na Ripoti ya CAG: Tathmini ya Huduma ya Uwazi kwa Macho ya Mwanakijiji

Huduma ninayoitathmini hapa haina duka wala kifungashio, na aliyeipata mbovu hana pa kuirudisha, ingawa sote tumekwisha kuilipia kwa kodi, ushuru wa mazao na michango ya kila msimu. Ni huduma ya uwazi: haki ya mwananchi wa Tanzania kuonyeshwa fedha za umma zimeingia kiasi gani, zimetoka kwa kazi gani, na nani alitia saini. Nimeitumia kwa muda wa miaka miwili, kwanza kama mzazi, kisha kama mjumbe wa kamati ya shule ya msingi katika kijiji ambacho sitakitaja, kupitia ubao wa matangazo, mkutano mkuu wa kijiji, barua rasmi ya kuomba taarifa, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, maarufu kama CAG. Swali nililokwenda nalo kila mahali lilikuwa moja, nalo ni kama kuziona hesabu kunampa mwananchi uwezo wa kumwajibisha aliyezishika.

Nianze na ubao wa shule, kwa sababu ndiko nilikopata huduma bora kuliko nilivyotarajia. Ni kipande cha mbao chenye kioo cha mbele, kimetundikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mwalimu mkuu chini ya bati linalovuja, na kufuli lake lilikwisha kupotea kabla sijaanza kulitazama. Ndani hubandikwa karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, yenye mwezi, idadi ya wanafunzi, kiasi cha ruzuku kilichopokelewa, na matumizi yake kwa mafungu. Utaratibu ulioanza pamoja na elimu bila ada mnamo Januari 2016 ulipanga ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, ambapo 4,000 hubakizwa kwa ajili ya vitabu na 6,000 hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kwa hiyo mzazi yeyote anayejua kuzidisha anaweza kukagua: ni shilingi 500 kwa kila mtoto kwa kila mwezi, na hakuna haja ya kuwa mhasibu.

Nilizidisha. Shule yetu ilikuwa na wanafunzi 640, kwa hiyo nilitegemea kuona shilingi 320,000, lakini karatasi ilisema 294,000. Nakiri kwamba niliondoka pale na hukumu mkononi, nikajisemea kuwa mwalimu mkuu tumemkamata. Kikao cha kamati kilipofika nikaiweka hoja mezani kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi, naye, bila kukasirika, akafungua kabati na kutoa taarifa ya benki pamoja na takwimu alizokuwa amezituma wilayani. Fedha ilikuwa imeingia 294,000 kamili, kwa sababu hesabu iliyotumika kutulipa ilikuwa ya wanafunzi 588, takwimu ya kabla ya kuandikishwa kwa watoto wapya. Upungufu wa watoto 52 ulikuwa unatugharimu shilingi 26,000 kila mwezi, na mwalimu alikuwa ameziba pengo la chaki na karatasi za mitihani kwa kukopa dukani kwa jina lake mwenyewe.

Jambo hilo limenifunza kitu ambacho wasifiaji wa uwazi hawakitaji sana, kwamba ubao hauwaumbui wezi peke yao. Mtumishi mwaminifu nao unamtoa kwenye tuhuma, na lawama inapelekwa inakostahili. Kabla ya karatasi ile, kijiji kizima kiliamini kuwa mwalimu anajenga nyumba kwa fedha za chaki. Baada ya pale tuliandika barua ya kamati kwa ngazi ya juu tukiambatisha orodha ya mahudhurio, na muhula uliofuata idadi ilisahihishwa. Kama ningekuwa natoa alama, ubao wa shule ungepata nne kati ya tano, na ile moja ningeikata kwa sababu ya kufuli na bati linalovuja, maana karatasi ya mwezi wa masika haikusomeka kabisa.

Mfano unaofanana na huu, ila mkubwa zaidi, uko jirani Uganda, nao hutajwa karibu kila panapozungumziwa jambo hili. Uchunguzi wa mwaka 1996 uliofuatilia fedha kutoka hazina hadi shuleni katika shule 250 za msingi uligundua kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule zilikuwa zikipokea, kwa wastani, asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotengewa kwa matumizi yasiyo mishahara, huku sehemu kubwa iliyobaki ikiishia katika ngazi ya wilaya. Serikali ya nchi hiyo ikaanza kuchapisha kwenye magazeti kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 kiwango kilichofika shuleni kilikuwa kimepanda hadi zaidi ya asilimia 80. Wapo wachambuzi waliosema, na kwa haki, kwamba magazeti hayakufanya kazi hiyo peke yake, kwa kuwa katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na mageuzi mengine ya namna fedha zinavyotumwa na kufuatiliwa. Mimi nakubaliana nao, lakini naona pia kitu ambacho ubao wetu umenionyesha: takwimu iliyofaa ilikuwa ile ya shule moja, ambayo mzazi angeweza kuilinganisha na idadi ya vichwa vinavyopanga foleni asubuhi.

Ofisi ya kijiji ni habari nyingine. Ubao wake ni mkubwa zaidi, umepakwa rangi vizuri, na siku nilipoufikia kwa mara ya kwanza ulikuwa na tangazo la chanjo ya mifugo, tangazo la mbuzi aliyepotea, picha ya kampeni ya uchaguzi uliokwisha, na taarifa ya mapato na matumizi ya robo mbili zilizopita. Taarifa yenyewe ilikuwa na mistari tisa. Nane kati yake ilieleweka: shajala, posho za vikao, ukarabati wa choo cha ofisi na kadhalika. Mstari wa tisa ulisema «Matumizi mengineyo: 1,850,000», na ulikuwa mkubwa kuliko mstari mwingine wowote.

Hapa ndipo mkutano mkuu wa kijiji unapoingia. Kwa taratibu za serikali za mitaa, mkutano huo hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake. Kwa vitendo, mkutano wetu ulikuwa umeahirishwa mara mbili kwa sababu ya akidi kutotimia, na ulipofanyika chini ya mwembe tulikuwa wengi kuliko kawaida kwa kuwa kulikuwa na uvumi wa kugawa mbolea. Mtendaji alisoma taarifa kwa kasi ya mtu anayekimbilia basi. Alipofika mwisho akauliza kama kuna swali, na aliyesimama hakuwa mjumbe wa kamati wala msomi, bali mama mtu mzima anayeuza vitumbua karibu na mashine ya kusaga.

«Mtendaji mwanangu», alisema, «hayo mengineyo hayana majina?»

«Mama, ni matumizi madogo madogo tu ya ofisi».

«Madogo madogo ndiyo yamefika milioni moja na laki nane na nusu? Mimi madogo madogo yangu ni mafuta na kuni, na yote yana majina».

Watu walicheka, kisha hawakucheka tena, na kelele za kutaka daftari lifunguliwe zikaanza upande wa vijana. Daftari lililetwa. Stakabadhi zilikuwepo za kiasi cha shilingi 600,000, na nyingine, tukaambiwa, zilikuwa kwa mweka hazina aliyesafiri. Mwenyekiti, kwa busara ambayo sijui kama ilikuwa ya hekima au ya woga, aliahirisha ajenda hiyo hadi mkutano ujao. Kabla ya mkutano huo kufika, mtendaji alikuwa amehamishiwa kata nyingine, tukaletewa kijana mpya mwenye adabu sana asiyejua lolote kuhusu hayo mengineyo.

Hili nalipima kwa urefu kwa sababu ndipo palipo kasoro kuu ya huduma nzima. Uwazi ulifanya kazi yake mpaka mwisho: taarifa ilibandikwa, mkutano uliketi, swali liliulizwa na likasikika, daftari likafunguliwa mbele ya umma. Kilichokosekana ni mpini. Mwenyekiti wa kijiji tunamchagua sisi na sisi tunaweza kumwondoa, lakini mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa wa halmashauri. Tunaweza kumhoji hadi jua lizame, ila hatuwezi kumsimamisha kazi, kumkata mshahara wala kumzuia asipande gari la uhamisho. Uhamisho wenyewe, katika utamaduni wa utumishi wetu, ni funika kombe mwanaharamu apite: aliyelalamikiwa haonekani tena, wilaya imeonekana imechukua hatua, na shilingi 1,250,000 zimebaki bila jina. Wanaosema kwamba wananchi hawawajibishi viongozi kwa sababu hawana taarifa wangekaa na sisi siku ile chini ya mwembe.

Niliamua kujaribu mlango wa tatu, yaani Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inamruhusu raia kuomba taarifa kwa maandishi na kuitaka ofisi ijibu ndani ya siku 30. Niliandika barua kwa ofisi moja ya ngazi ya juu, nikiomba kuona muhtasari wa uchunguzi wa hesabu za kijiji, kama ulifanyika. Karani wa masjala aliipokea, akaigonga muhuri, kisha akaniuliza natoka gazeti gani. Nilipomwambia kuwa mimi ni mkulima wa alizeti, alinitazama kwa huruma na kunishauri nimwone mtu fulani «kwa mdomo» badala ya kuandika. Jibu lilikuja siku ya 41, nalo lilikuwa aya mbili zenye shukrani nyingi zikisema suala langu «linafanyiwa kazi». Hakukuwa na kiambatisho.

Kwa kuwa hii ni tathmini, ni haki kulinganisha na bidhaa ya jirani. Kenya nayo ilipitisha sheria yake ya kupata habari mwaka huo huo wa 2016, kwa msingi wa Ibara ya 35 ya Katiba yao ya 2010, na kwa maandishi imeshona vizuri zaidi: muda wa kujibu ni siku 21, saa 48 pale uhai au uhuru wa mtu unapohusika, na kuna Tume ya Utekelezaji wa Haki, chombo kinachojitegemea, ambako aliyenyimwa habari hupeleka malalamiko. Kwetu malalamiko huanzia kwa mkuu wa taasisi ile ile iliyokunyima, na rufaa hupanda kwa Waziri. Ni sawa na kumpelekea mwenye duka malalamiko kuhusu mizani yake. Sidai kwamba kila ofisi ya Kenya hujibu kwa siku 21. Nasema tu kwamba mwombaji wa kule ana mahali pa tatu pa kubisha hodi.

Nije sasa kwenye bidhaa yenye jina kubwa, ripoti za CAG. Ibara ya 143 ya Katiba inamtaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu awasilishe taarifa kwa Rais, naye Rais ahakikishe zinafikishwa bungeni ndani ya siku saba tangu kuanza kwa kikao kinachofuata. Ndiyo maana kila mwaka mwishoni mwa Machi tunaona makabidhiano Ikulu, na Aprili magazeti yanajaa mabilioni. Ripoti zenyewe hupakiwa kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, bila malipo, zikigawanywa katika Serikali Kuu, serikali za mitaa, mashirika ya umma, miradi ya maendeleo na nyinginezo, na matoleo ya Kiswahili yapo. Kwa ubora wa kazi yenyewe sina neno. Mtu mwenye simu na bando anaweza kusoma, akiwa amelala kitandani, halmashauri ipi ilipata hati inayoridhisha na ipi ilipata hati yenye shaka, mikopo ya asilimia 10 kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu imerejeshwa kiasi gani, na mapato yaliyokusanywa kwa POS, yaani mashine za kielektroniki za kukusanyia ushuru, bila kupelekwa benki yamefikia wapi. Hoja hii ya POS imejirudia ripoti baada ya ripoti, na nikiiona huwa nawakumbuka wale watoza ushuru wa gulioni kwetu wanaosema mashine «imezima chaji».

Lakini kwa mtumiaji wa kijijini bidhaa hii ina matatizo mawili. La kwanza ni kimo. Ripoti husema na halmashauri, wakati mimi naishi kwenye kijiji; mabilioni hayalinganishwi na chochote ninachokiona kwa macho yangu, na pale ubao wa shule uliponipa kitu cha kuzidisha kwa kidole, ripoti inanipa hasira ya jumla isiyo na anwani. La pili ni muda. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, ripoti inatoka Aprili ya mwaka unaofuata, na kamati za Bunge za PAC (Hesabu za Serikali) na LAAC (Hesabu za Serikali za Mitaa) kwa kawaida huleta hoja zake kujadiliwa karibu na Novemba. Fedha iliyoliwa mwanzoni mwa mwaka huo wa fedha inajadiliwa baada ya zaidi ya miaka miwili, wakati aliyeila amekwisha kuhamishwa, kustaafu, au kupandishwa cheo.

Hata hivyo historia ya karibu inanizuia kuidharau. Aprili 2012, ripoti ya Ludovick Utouh, CAG wa wakati huo, ilipofika bungeni, wabunge hawakuishia kulaani. Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani, alianza kukusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, na mwezi uliofuata Rais Jakaya Kikwete akapanga upya Baraza la Mawaziri na kuwaacha nje mawaziri sita, akiwemo wa Fedha. Mwaka 2014, ukaguzi maalumu wa Tegeta Escrow, akaunti iliyohifadhi fedha za umeme zilizokuwa na mgogoro, ulipita mikononi mwa PAC na kuishia kwa Mwanasheria Mkuu kujiuzulu, Waziri wa Ardhi kuondolewa, na Januari 2015 Waziri wa Nishati na Madini naye akajiuzulu. Ukitazama mara zote mbili utaona kwamba takwimu zilikuwa na mpini: Bunge lenye watu waliokuwa tayari kuzibeba, na Rais aliyeona kuwa kutochukua hatua kungemgharimu zaidi kuliko kuchukua. Ona sasa mwaka 2019, ambapo ripoti zilikuwa zile zile kwa namna ya ukaguzi, lakini aliyeitwa kujieleza mbele ya kamati alikuwa CAG mwenyewe, Profesa Mussa Assad, kwa kuzungumzia udhaifu wa Bunge, na Aprili mwaka huo Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Miaka miwili kabla ya hapo, 2017, Tanzania ilikuwa imejitoa katika Ubia wa Serikali kwa Uwazi, mpango wa kimataifa iliojiunga nao mwaka 2011. Karatasi zilizidi kuchapwa, ila mkono wa kuzipokea ulikuwa umelegea.

Kwa hiyo nikiulizwa kama huduma hii inafaa, jibu langu linategemea umenunua kipimo gani. Ubao wa shule unafaa sana, nami nampendekezea kila mzazi. Ripoti ya CAG nampendekezea diwani, mwandishi wa habari na mtu yeyote mwenye subira na simu ya kioo kikubwa. Mkutano mkuu wa kijiji naupa tatu kati ya tano, na zote tatu ni za mama wa vitumbua. Barua ya kuomba taarifa naipa moja, ambayo ni ya muhuri wa kupokelewa, kwa sababu muhuri ule wenye tarehe ndio ushahidi pekee nilionao kwamba niliuliza.

Kwa atakayejaribu, afike ofisini wiki ya kwanza baada ya robo kuisha, yaani mwanzoni mwa Oktoba, Januari, Aprili au Julai, kwa kuwa hapo taarifa mpya inapaswa kuwa inaandaliwa na ni vigumu mtu kukuambia imekwisha kuchakaa. Apige picha ya karatasi nzima pamoja na tarehe na saini, asipige mstari anaoutilia shaka peke yake, maana mstari wa pekee huweza kukanushwa. Asiende peke yake. Na mkutanoni aombe hoja iliyoahirishwa isomwe kwanza kwenye yatokanayo, kabla ya ajenda mpya, na iandikwe kwenye muhtasari kwa kiasi chake. Sisi tumefanya hivyo katika mikutano mitatu mfululizo. Mtendaji kijana husoma kila mara, kwa sauti ya wazi na bila haraka, kwamba shilingi 1,250,000 za robo ile hazijapatiwa stakabadhi, na mama wa vitumbua, ambaye sasa hukaa mstari wa mbele, hutikisa kichwa na kumwambia aandike tena.